Mkia wa Mkate wa Mama Mkubwa

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mama karudi kutoka hospitali juzi. Daktari kasema moyo wake ubebwe kama trei ya mayai: habari ya kumshtua asipewe kwanza. Kwa hiyo hatujamwambia kwamba dada yake amefariki.

Nimeandika "hatujamwambia". Aliyeamua ni mimi. Mama Mkubwa alizimika Alhamisi, siku kumi na moja zilizopita, Mama akiwa bado wodini. Tukazika kimyakimya. Dada yangu, mwalimu, alitaka Mama aambiwe taratibu. Nikamjibu kuwa utaratibu wa walimu naujua, una kiboko ndani yake. Hajanisamehe.

Tatizo ni mkate. Kila Ijumaa, tangu nipate akili, Mama Mkubwa alimwokea mdogo wake mkate wa kusuka, kamba saba, wenye vitunguu, siagi na chumvi ya kutosha. Magoti yake yalipokataa kutembea, na moyo wa Mama ulipokataa ngazi, wakawa hawaonani tena. Simu Mama Mkubwa alikuwa haisikii. Mkate ndio ukawa barua, na mimi tarishi. Mama hukata ncha ya mwisho, wao huiita mkia, huifunga kwenye kitambaa, nairudisha kwa Mama Mkubwa naye huila. Kila wiki, miaka yote. Wazee wana mambo yao.

Wodini nilipata kisingizio; Ijumaa hii mkate usipofika, Mama ataelewa papo hapo.

Asubuhi kaja yule nesi anayepita majumbani na mizani kwenye mkoba. Mimi namwita Nesi wa Mizani. Kapiga marufuku chumvi nyingi, siagi na unga mweupe. Mama kageukia ukutani. Tangu arudi anakula vijiko viwili vya uji, basi. Nesi kaniita pembeni: akipungua kilo moja nyingine, anarudi wodini, na safari hii hatoi ahadi.

Ndipo likanijia wazo. Mkate nitauoka mimi, na nitasema umetoka kwa Mama Mkubwa! Ukiwa na ladha ya ajabu, lawama ni za nesi. Dada kasema tangu nizaliwe hajasikia upuuzi wa namna hiyo, na amesikia mengi yangu. Kanipa Ijumaa mbili. Tarehe 14 anamwambia Mama mwenyewe.

Mimi ni kinyozi, mwaka wa ishirini na sita huu. Mama Mkubwa alikuwa msusi, na alizoea kusema kwamba yeye anajenga na mimi nabomoa. Kamba saba za unga zitanishinda?

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimekwenda nyumbani kwa Mama Mkubwa, mtaa wa pili, kuchukua vyombo. Nimebisha hodi. Ufunguo ninao mkononi, na bado nikasimama nasubiri nikaribishwe. Mazoea.

Jikoni kila kitu kiko mahali pake. Kile kiti kifupi alichokuwa anawakalishia wateja wake. Kitambaa cha kijani juu ya bakuli. Chupa ya chachu dirishani. Chachu hiyo aliilisha unga kila asubuhi kama kifaranga, maana ikikosa siku mbili inachacha vibaya na kulala. Leo ni siku ya kumi na mbili. Nimeikuta imejaa mpaka shingoni, inatoa mapovu, inanukia vizuri.

Mezani palikuwa na unga umetandazwa kwa kiganja, tayari kwa kukandia. Meza hiyo Dada aliifuta siku ya mazishi. Nilimwona.

Nikasema ni panya. Kisha nikaanza kumfikiria panya anayetandaza unga kwa kiganja, nikaona niache. Nimebeba chachu, kitambaa na trei. Mlangoni nikaaga. Sijui nilimuaga nani.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Jaribio la kwanza. Vikombe vinne vya unga wa ngano usiokobolewa. Chumvi robo kijiko. Mafuta ya alizeti vijiko viwili badala ya siagi. Ili kuudanganya ulimi: vitunguu maji vilivyokaangwa kwa moto mdogo mpaka vikawa vya kahawia, punje sita za kitunguu saumu, bizari nyembamba, na ufuta wa kunyunyizia juu. Harufu yake majirani wamechungulia. Hapo nilikuwa mbele kwa bao moja.

Kisha kusuka. Kamba ya tatu juu ya ya tano. Ya tano ikapotea. Ya saba nikaja kuikuta kwenye mkono wa shati. Niliwahi kumsikia Mama Mkubwa akiuambia unga maneno aliyokuwa akiwaambia wateja wake: "Tulia, namaliza." Nikasema hivyo hivyo. Unga haukutulia.

Kilichotoka jikoni kilikuwa kama soksi zilizofungwa fundo. Kigumu. Dada alikuja kukiona, akakigonga kwa kidole mara mbili kama mlango, akauliza kuna mtu?

Kikagonga mara mbili.

Dada kasema ganda la mkate likipoa hupasuka, ni sayansi ya darasa la tano. Kisha kachukua mkoba wake kaondoka, chai kaiacha nusu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Kazini. Nimefanyia mazoezi kwenye tambara la nyuzi la kupigia deki, nyuzi saba saba. Mteja mmoja, mwenye nywele ndefu, alikuja kunyoa. Nikamwomba anipe dakika kumi nisuke kwanza, nitanyoa baadaye, bure. Kanitazama usoni, kalitazama tambara kwenye kiti changu likiwa limefungwa shuka shingoni, kasema anarudi sasa hivi. Baadaye nimemwona kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

Mama leo kala kijiko kimoja. Kauliza kesho si Ijumaa? Nikamwambia ndiyo. Kasema ataisubiri.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Lazima niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi nilikuwa na kamba saba juu ya trei, zimelala sambamba, na mpango mpya: nitamleta msusi wa saluni ya jirani anisukie kwa siri. Ili Mama asije akamwona, nilimfungia mlango wa chumba chake kwa nje. Ufunguo mfukoni. Nikazifunika kamba kwa kitambaa cha kijani, nikatoka mbio.

Msusi kakataa. Kasema yeye hasuki kichwa kisichokuwa na mwenyewe. Nimebembeleza nusu saa nzima.

Nimerudi, nimefunua kitambaa, na mkate umesukwa.

Kamba zote saba. Suko limeanzia kushoto, limebana, limelala, na ncha imekunjwa chini ikabonyezwa kwa dole gumba. Mama Mkubwa alikuwa wa mkono wa kushoto. Alianza kila kitu kushoto, vichwa na mikate, na alimalizia kwa kubonyeza hivyo hivyo. Nilisimama na kile kitambaa mkononi, nacho kilikuwa na joto, kama kilichovuliwa kichwani mwa mtu sasa hivi.

Dada alikuwa shuleni. Mama alikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, na ufunguo bado mfukoni mwangu. Nikatafakari, nikafikia jibu: nimesuka mwenyewe kabla sijatoka, kwa sababu ya mawazo mengi nimesahau. Mikono ya fundi ina akili yake. Nikauoka.

Mama kala vipande viwili! Kasema chumvi imekimbilia wapi? Nikasema nesi. Kasema basi vitunguu vimefanya kazi nzuri. Kisha kapitisha kidole juu ya suko, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kakata mkia, kaufunga, kanipa nipeleke.

Nimeula njiani. Ningeupeleka kwa nani? Nimerudi nikasema Mama Mkubwa kaupokea na kasema asante. Mama kaniangalia. Kasema ajabu, katika maisha yake yote dada yake hajawahi kusema asante.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nesi wa Mizani kampima Mama. Kaongezeka nusu kilo. Kauonja mkate, kafumba macho, kauliza nani kauoka. Mama alikuwa amelala, hivyo nilikuwa huru kusema kweli: mimi. Na kusuka? Mimi. Nesi kasema Jumatano kina mama wanaouguza wagonjwa wa moyo wanakutana zahanati, wanataka kujifunza mikate isiyo na chumvi nyingi. Je, naweza kuja kuwaonyesha kusuka?

Nikasema kwangu hilo ni jambo dogo.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mazoezi ya Jumatano. Nimelaza kamba saba, nimefunika, nimekaa mbele yake nikakodoa macho. Saa nzima. Hakuna kitu.

Nimetoka uani kuanika taulo za kazini. Taulo sita, haichukui muda. Nimerudi nikafunua. Zimesukwa nusu. Nusu ya pili kamba bado zimelala, moja imeinuliwa kidogo, imeegeshwa juu ya mwenzake, kana kwamba mtu kaiachia ghafla aliposikia miguu yangu.

Nywele zimenisimama. Mimi, mwenye upara.

Nikasema samahani, endelea tu. Nikafunika, nikatoka kinyumenyume. Nilisubiri uani mpaka taulo zikakauka. Kazi haikuendelea. Jambo moja nimeliona na silielewi: safari hii suko limeanzia kulia.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Zahanati. Wanawake kumi na wawili, meza ndefu, Nesi pembeni kavaa gauni safi. Nimeeleza unga, vitunguu, bizari, mafuta kidogo. Wanaandika. Mmoja kaniita mtaalamu.

Ikafika zamu ya kusuka. Nimelaza kamba saba, nimefunika kwa kitambaa cha kijani, nikawaomba wote wageukie ukutani kwa dakika tano. Nesi kauliza kwa nini. Nikasema unga una aibu. Wakageuka. Nami nikageuka.

Nimefunua. Kamba saba, zimenyooka kama nilivyoziacha.

Nikawaomba wageuke tena. Safari ya tatu mwanamke mmoja kauliza kama tumekuja kujifunza mkate au kusimamishwa pembeni kama watoto watoro. Waliangua kicheko. Nesi hakucheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Nikasema hali ya hewa ya zahanati haifai. Nimebeba trei yangu nikaondoka, kamba zinaning'inia pande zote mbili.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Dada kaja kubadilisha mashuka ya Mama. Kaniita kaninyooshea moja. Lina unga. Alama za vidole vitano.

Kumbe ni Mama! Mgonjwa asiyeweza kwenda msalani bila kushikwa, kanisukia mkate nikiwa naanika taulo. Nimefarijika, nikakaa. Kisha nikakasirika, kwa kuwa kanidanganya, na mimi ndiye nilikuwa namdanganya kwa faida yake.

Dada kasema kesho ni tarehe 14. Hana la kuongeza.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Dada alifika saa tatu, kavaa nguo ya mazishi, kana kwamba Mama ni kipofu. Tukakaa kitandani, huku na huku. Mimi nilikuwa nimeshika vidonge na glasi ya maji.

Kabla Dada hajafungua kinywa, Mama kasema anajua.

Kasema Ijumaa ile ya msiba, wodini, nilimwambia mkate haukuja kwa sababu hospitali wamekataza chakula cha nje. Na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakula samaki aliyeletewa na binti yake, miba anaitema mbele yetu. Kasema dada yake hajawahi kukosa Ijumaa. Barabara imejaa maji, kaleta. Siku aliyofiwa na mume wake, kaleta. Ijumaa moja tu, akajua. Akalia peke yake, manesi wakibadilishana zamu, ili nisimwone.

Nikamuuliza mbona hukusema. Kasema aliniona ninavyohangaika na uongo wangu, akanihurumia.

Nimelia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Dada kalia pia, kwa utaratibu, na leso. Moyo wa Mama ukatulia kuliko yetu yote. Kavimeza vidonge vyake, kaomba aletewe unga.

Tumemwekea trei mapajani. Kasuka kamba saba akiwa ameegemea mto, huku akieleza kwamba ile ya Jumatatu ni yeye: alichoka kusikia nikihema jikoni, akajikokota, akasuka nusu, akasikia nakuja, akakimbilia kitandani. Alikimbia! Nesi akisikia ataleta mizani mbili. Suko lake likawa linaanzia kulia.

Nikasema, na la Ijumaa ya kwanza pia ni wewe.

Mikono yake ikasimama. Kasema Ijumaa ya kwanza nilimfungia mlango. Aligonga, hakuna aliyemfungulia. Akarudi kukaa. Kisha akasikia mtu jikoni, akadhani ni mimi, ila mimi nikifanya kazi napiga mluzi mbaya, na huyu alikuwa hapigi mluzi. Alikuwa anasema tulia, namaliza.

Dada kauliza kama chai ipo. Ipo, nikasema. Hakuna aliyeinuka kwenda jikoni.

Baadaye tumeuoka, tukala wote watatu. Mama kakata mkia, kaufunga, kaniwekea kiganjani. Kasema kaupeleke, na safari hii usiule. Nikauliza nani kamwambia niliula. Kasema mwenye mkia.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Mkia niliuacha jana jioni juu ya meza ya Mama Mkubwa, ndani ya kitambaa cha kijani, mlango nikaufunga kwa ufunguo. Asubuhi nimerudi. Nimebisha hodi, nimesubiri. Sitaandika nilichosikia. Masikio ya kinyozi yameharibiwa na mashine.

Mkia haupo. Hata punje ya ufuta. Kitambaa kimekunjwa mara nne, pembe kwa pembe.

Panya, nimeamua.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Mama kaongezeka kilo nzima. Anakaa barazani. Ananifundisha kusuka kamba tatu, kasema nyingine nne ni za watu wazima.

Nimekaa nimepiga hesabu ya aibu yangu ya zahanati, na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Kosa ni jiko! Yule hafanyi kazi ugenini. Nimekwenda kwa Nesi, nimemwambia hali ya hewa sasa inafaa, awalete kina mama wote kumi na wawili Ijumaa saa kumi, nyumbani kwa marehemu Mama Mkubwa. Nesi kaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina msaidizi mwenye uzoefu mkubwa.

Dada kauliza kwa nini nisisubiri mwezi mmoja nijifunze kamba zote saba. Dada hana jicho la biashara.

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Naandikia jikoni kwa Mama Mkubwa. Saa kumi kasorobo.

Asubuhi Mama kaoka, kaniwekea mkia kiganjani, kaniangalia machoni. Nikaahidi. Nilikuwa sijanywa chai, na vitunguu leo viliungua kidogo pembeni, ninavyovipenda. Nimeula kwenye kona ya mtaa wa pili. Nilitazama nyuma kwanza. Hakukuwa na mtu.

Saa nane nimelaza kamba saba hapa mezani. Na kwa kuwa msaidizi yupo na hana kazi nyingine, nimemwekea pembeni shati langu jeupe, lile lililokatika vifungo viwili, avishone; vifungo nimeviacha mfukoni mwa shati. Nimevifunika vyote kwa kitambaa cha kijani, nimesema kwa heshima, shikamoo Mama Mkubwa, leo chumvi kidogo. Nikatoka, nikafunga mlango.

Nimerudi sasa hivi. Kitambaa kina joto. Kamba saba zimelala kama nilivyoziacha, hakuna aliyezigusa.

Shati ndilo limesukwa. Limechanwa vipande saba kutoka kwenye pindo hadi shingoni, likasukwa kuanzia kushoto, limebana, ukosi umefungwa fundo ambalo siwezi kulifungua. Kwenye fundo pana alama ya dole gumba, ya unga. Vile vifungo viwili vimewekwa juu ya kile kiti kifupi, kando kwa kando, vinanitazama. Na kiti kimesogezwa mpaka mbele ya meza, mahali anapokaa anayesukwa.

Nje nawasikia kina mama wanafika. Nesi anabisha hodi.

Nimelitafakari hili jambo, na kosa ni langu, nakiri. Sikumwachia sindano. Ijumaa ijayo nitamwekea sindano, uzi mweupe, na shati lile la bluu.